Mfongo wa Shingoni

Jeli ni baridi. Mama Aikande anashtuka,
kisha anasamehe:
Julai ya Moshi haina adabu.

Nagusisha kipimo chini ya taya lake.
Kinapiga ukelele usiosikiwa hata na popo,
kinanyamaza, kinatega sikio,
kinapiga tena, mara elfu nne kwa sekunde.

Za kwanza kurudi ni kuta za mshipa,
nzito, za taratibu, zenye sauti kuu
kama wajumbe wa kikao cha harusi.
Hao nawachuja.
Damu hunong'ona.

Mwangwi mmoja hausemi kitu.
Naulinganisha na uliotangulia:
umesogea unywele.
Wa tatu, unywele mwingine.
Kusogea huko ndiko mwendo.

Mama yangu, kule Kibosho, zamu yetu ya maji ikifika
alidondosha jani la mbuni kwenye mfongo
akatembea nalo, akihesabu, hadi migomba ya kina Ndewirwa.
Hesabu ikizidi, alijua:
huko juu mtu ametoboa.

"Damu imesimama," anasema Elirehema,
wiki yake ya pili kazini, jasho juu ya mdomo.
Haijasimama. Umeitazama ubavuni.
Gari likikupita usawa wa pua,
kwa nukta hiyo halikujii wala halikuachi.
Laza mkono. Laza tena.
Sasa iambie mashine pembe ya kweli;
ukiidanganya pembe
nayo itakudanganya mwendo,
tena kwa desimali mbili.

Nyekundu inakuja. Nyekundu, nyekundu,
halafu pale penye kigaga, buluu ghafla.
"Inarudi nyuma!"
Hairudi. Ni sisi tunaohesabu polepole.
Hujaona tairi la pikipiki kwenye video,
linavyokimbilia Boma huku spoku zikirudi Himo?
Naongeza mapigo.
Buluu inakubali kuwa nyekundu.

Mita tatu na robo kwa sekunde.

Vuu, vuu, vuu, kwenye spika.
Mama Aikande anageuza macho, si shingo:
"Inakimbia vizuri, siyo, mwanangu?"

Maji hukimbia pale mfongo ulipobanwa.
Elirehema ananitazama.
Nachukua karatasi, nafuta jeli shingoni,
upande huu, kisha upande ule usio na jeli,
nikitafuta neno
lisilokimbia.