Utabiri wa Ziwa

Jumapili usiku, taarifa ya habari ikikaribia kwisha,
mama huzima feni kwa vile yakwaruza,
hunyamazisha hata sufuria,
huiegemeza redio sikioni.
“Eneo la Ziwa,” asema mtangazaji,
“wiki nzima mvua za radi alasiri.
Ijumaa upepo mkali majini.”
Mama huzima. Yamemtosha.

Sisi twakaa Ziwa la Ng'ombe.
Ziwa lenyewe sijaliona.
Maji yetu huja kwa mkokoteni wa Katana,
ambaye jua likizidi naye huzidisha bei.

Jumatatu, saa sita, mama akaanua shuka zote
za gesti ya Bamburi, zingali mbichi,
mbingu nyeupe, kavu kama fuu la nazi.
“Radi i wapi, mama?”
“Yaja.”
Jumanne akaliingiza jiko ndani.
Jumatano akamteremsha Kazungu kutoka kwenye paa
alikopanda kunyoosha antena.
Majirani wakaangua kicheko:
Bi Mejumaa ajifunika kwa mvua za watu!

Nami, msomi wa nyumba, nikakunjua ramani ya shule.
Ziwa lisemwalo ni hili, mama, huku,
reli iendako mpaka ikachoka, na bado hujafika.
Sisi ni Pwani. Pwani husomwa mwisho,
nawe umeshazima.

Akanitazama
kama mtu anayefundishwa jina lake.
“Na Nyamvula yuko wapi?”

Dada yangu. Mwezi wa nne huu
yuko zahanati ya Mbita, apima watoto uzani,
na kila Ijumaa hupanda boti na kasha la chanjo
kwenda visiwani.
Kuogelea hajui.
Huyu ndiye aliyekuwa akifumba macho
ndani ya feri ya Likoni, dakika kumi tu,
kucha zake mkononi mwangu.
Alizaliwa usiku wa masika, maji yakigonga kizingiti;
jina lilikuja nayo.

“Siwezi,” mama akasema,
“kuacha kitu changu kikipigwa na upepo
na huku mwanangu yumo majini.”
Akaikunja ramani, vibaya, akanirudishia.

Ijumaa hakufua.
Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa,
simu mapajani, kimya,
hata Katana alipopita akipiga kengele hakuitika.
Saa kumi na moja na robo ikatetemeka:
*Tumefika. Tumerowa chepechepe. Chanjo salama.*
Akanipa nimsomee mara tatu.
Kisha, giza lilipokuwa laingia,
akatundika shuka thelathini kwenye waya.

Alfajiri ya Jumamosi ikatunyea sisi,
mvua ya Pwani, ile ya mwisho kusomwa.
Zikatota zote, mbili zikaangukia matopeni.
Mama alisimama mlangoni, kanga kichwani,
akacheka mpaka akashika ubavu,
kisha akaniuliza kama betri za redio
zitafika kesho usiku.