Orodha ya Wakaao

Karani alifika Februari, theluji ingali kwenye nyusi,
akapangusa viatu juu ya zulia
ambalo tangu Jumanne lilikuwa mali ya umma.
Jina lake Ilariko. Babaye alitukamulia mbuzi.
Bonde zima la Alazani lilikuwa jeupe nyuma yake,
na mizabibu imesimama kama watu waliovuliwa nguo.

Akafungua daftari. "Mnalala wangapi humu?"
Kila kichwa mita sita za mraba,
si shubiri zaidi.
Vyumba ishirini na viwili; sisi tulikuwa wanne.

Shangazi Pepela akajibu bila kupepesa:
"Tisa."
Akawataja kama anayewakaribisha mezani.
Babu Zaal, jemadari, apitaye ukumbini na mguu wake wa mti.
Bibi Darejani, akohoaye ndani ya kabati la makoti.
Mapacha waliochukuliwa na dondakoo, hao huviringisha gololi darini.
Na mjomba Levarsi, aliyejipiga risasi kwa deni la karata,
ambaye hadi leo analilipa:
sarafu moja, ngazi moja, sarafu moja.

Baba alitazama dirishani, pale walipolitolea piano.

Ilariko akalamba ncha ya penseli.
Angeweza kucheka. Wenzake wangecheka.
"Umemsahau mmoja," akasema.

Maisha yetu yote tuliyasikia maji
yakimiminwa jikoni saa kumi za usiku,
jivu likikwanguliwa,
ufagio ukipita chumba kwa chumba kabla hakujacha.
Tukavuta mablanketi, tukanong'onezana:
ni Babu huyo, anailinda nyumba.

Jemadari gani afagiaye?

"Maro," akasema karani. "Dada wa nyanya yangu.
Umri wake kumi na mitatu.
Mlimnunua pamoja na ng'ombe wawili
na birika la shaba. Birika bado mnalo, lile pale.
Alipelekwa mtoni kufua, maji yameshika barafu,
shuka za arusi ya huyo Darejani wenu.
Akarudi nazo. Akazianika zote.
Kisha akajilaza kando ya tanuri,
na tanuri lilikuwa limezimwa, kuni zisiishe.
Mwaka wa pili Kaisari akatia saini:
watwana wote huru.
Yeye nani angemsomea?"

Hakuna aliyejibu.
Birika lilichemka peke yake, halina haya.
Baba akavua kofia, yeye ambaye
hata walipokuja kuchukua panga hakuivua.

Ndipo Ilariko akachora mstari juu ya Zaal,
juu ya Darejani, juu ya mjomba na sarafu zake.
Kwa mapacha mkono ulisita, halafu nao.
Akaandika polepole, kwa mwandiko wa mtu
aliyejifunza herufi ukubwani:
*Maro, binti Gigla.
Kazi:* (akafikiri) *hana tena.
Chumba: cha mashariki, chenye jiko la vigae.*

Kilikuwa changu.

Sasa tunakaa chini ya ngazi, kwenye dobi ya zamani,
wanne, mita ishirini na nne,
na ukuta unaotoka jasho la sabuni.
Juu yetu familia tano, mtoto mchanga, mbwa,
mpiga tarumbeta wa kiwanda cha matofali.
Chumba cha mashariki hakijapewa mtu.
Kila mpangaji hupeleka kibanzi kimoja cha kuni mlangoni;
hakuna aliyewaamuru.

Saa kumi za usiku huamka, nikasikiliza.
Maji hayamiminwi. Ufagio umetulia kwenye msumari wake.
Juu tu, kitandani pangu pa zamani,
springi zinalia mara moja,
kama mtu anapogeuka upande wa pili
akavuta usingizi mwingine.

Shangazi anasema nyumba imenyamaza mno,
kwamba sasa ndipo anapoogopa.

Mimi nainuka, nauchukua ufagio.
Naanzia ukumbini, taratibu,
nisije nikamwamsha.