Kina cha Barafu

Kitanda cha mashine kilikuwa juu.
Sirkka akasukuma kigoda kwa mguu, bila neno
(wengine huuliza kama wanibebe).
Nikalala. Mkono wa chuma ukapita juu yangu
taratibu, kama mtu anayepiga pasi shati la mtoto.
Kiuno. Nyonga. Basi, vaa.

Barua ilifika Jumanne, pamoja na bili ya umeme:
hasi tatu nukta moja.
Grafu ya kijani, manjano, nyekundu,
na mimi nukta nyeusi chini kabisa ya nyekundu,
chini, mahali ambapo nimezoea kuwekwa.
Mifupa tete, wameandika. Hatari kubwa ya kuvunjika.

Miaka hamsini na minane. Sentimita mia na kumi na tisa.
Fundi wa akodiani, mtaa wa nyuma ya stesheni, Kuopio.
Wiki nzima sikunyanyua akodiani ya mteja,
nikaizunguka mezani kama paka na maji ya moto.
Kila kikombe nilikishika kwa mikono miwili.

Baba alikuwa na keekee ndefu kunipita.
Kila Desemba alitoboa ziwa kabla hatujavuka
kwenda kwa shangazi Lempi, ng'ambo.
Juu, barafu yote ni nyeupe, alisema,
juu hapasemi kitu.
Akashusha waya wenye ndoano tunduni,
akaukamata ukingo wa chini, akasoma kwa kidole gumba.
Ndipo aliponifunga blanketi kwenye sleji.

"Mnanilinganisha na nani?" nikamuuliza Daktari Vuokko.
Akatazama kompyuta. Akatazama tena.
"Na wanawake wa sentimita mia sitini na kitu."
"Na mashine inaona nini?"
Kwanza hakujibu. Kisha akageuza barua yangu,
akachora nyuma yake vibao viwili vya mti mmoja,
kikubwa na kidogo, na taa juu yao.
"Inapima kivuli," alisema. "Haipimi kina.
Mfupa mdogo kivuli chake chembamba,
hata ukiwa umeshiba."

Maji usiyoyafika hujui kina chake;
nao wakaliandikia ziwa langu hukumu kutoka ufukweni.

Akapiga hesabu kwa penseli, akafuta, akapiga upya.
Hasi moja, au karibu na hapo.
Nilitaka kucheka, lakini yeye hakucheka.
"Sina uhakika," akasema. "Watu wa kimo chako
hatujawapima wengi. Jedwali lenu halipo."
Kisha: "Mama yako aliwahi kuvunjika?"

Mama. Mita moja na sabini na mbili,
aliyekuwa akinishushia sukari kutoka rafu ya juu.
Nyonga, ngazi za kanisa, mwezi Machi.
Hakurudi kutembea.

Kwa hiyo vidonge vya kalsiamu nimevinunua,
na vitamini ya jua, maana hapa jua lenyewe ni mgeni.
Barua sikuichana. Nimeibandika dukani, mgongo mbele,
vile vibao viwili vikitazama wateja.

Leo alfajiri nimemwaga kokoto mlangoni.
Ngazi nne, zilizojengwa kwa magoti ya wengine.
Akodiani kifuani, kilo tisa,
nikashuka ubavu ubavu kama siku zote,
nikiuliza kila ngazi kwa kisigino
kabla ya kuipa uzito wangu.