Ukurasa wa Saba

Jina tulilinunua kwa euro tisa, Jumanne ya theluji,
mimi na mjomba Vaidotas, mezani kwake Panevėžys,
kati ya vikopo vya mafuta
na cherehani tatu zilizopasuliwa matumbo.
"Sasa tupo," nikasema.
Akauliza: "Tupo wapi?"

Hatukuwa popote.
Niliuandikia mtambo wa kutafutia: fundi cherehani, na jina la mji,
nikateremka ukurasa baada ya ukurasa
kama mtu anayeshuka ngazi za ghala bila taa,
nikatukuta kwenye wa saba,
chini ya tangazo la mashine za kukamulia maziwa,
chini ya duka la Zigmas, lililofungwa siku alipozikwa.
Mjomba akavua miwani.
"Miaka thelathini na minne ya kazi," akasema,
"na marehemu ananipita."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
sisi mwezi wa tatu uliingia
hata kigoda hatujapewa.
Nilimweleza: mtambo haujui mikono ya mtu.
Hutuma buibui wake usiku,
anachungulia, anasoma mistari miwili, anakwenda zake,
haagi, hasemi kama atarudi.
Anachotaka ni kuona taa ingali inawaka,
na kusikia wengine wakikutaja
mahali ambapo hukuwaomba.

Aprili akapiga simu kijana mwenye sauti ya asali:
viungo mia mbili, euro tisini,
wiki mbili tu mtakuwa juu.
"Viungo vya nini?" mjomba akauliza. "Vya supu?"
Nakiri, kadi ya benki nilikwisha kuitoa.
Hakunikataza.
Alivuta cherehani moja kutoka chini ya meza,
rangi mpya, nyekundu, inang'aa kama tufaha,
akaizungusha gurudumu mara moja
ikakwaruza.
Kadi nikairudisha mfukoni.

Basi akaanza kuandika.
Kwa penseli, ukurasa mmoja kila wiki, nami nikipiga chapa:
kwa nini uzi wa chini hukatika siku za unyevu;
namna ya kulegeza bobini iliyoganda bila kuipiga nyundo;
cherehani inayougua hutoa sauti gani.
Picha zilikuwa za kidole gumba chake, kucha nyeusi.
Nilitaka kuificha kucha. Akagoma.
Juni alikosea kuhusu mafuta,
Julai akaandika juu yake, kwa tarehe:
Nilikosea. Msitie pale.
Kosa akaliacha lionekane.

Septemba, Gintarė, mshonaji wa mavazi ya tamthilia huko Kaunas,
aliwaelekeza wanafunzi wake kwetu, kwenye habari za uzi.
Hatukumjua.
Kisha chuo cha ushonaji cha Daugavpils,
kisha mzee wa Gdynia anayekusanya cherehani za mkono,
mmoja mmoja, kama watu wanaoinuka kanisani
kusema: huyo namfahamu.
Ukurasa wa tano. Wa nne.
Novemba tukarudishwa wa sita,
bila sababu, bila barua.
Mjomba aliandika vilevile Alhamisi ile,
kuhusu mikanda ya ngozi.

Baridi ya pili, mama mmoja alishuka basi kutoka Biržai,
cherehani ameifunga kwa blanketi la mtoto.
"Nani amekuelekeza?"
"Nimeuliza," akaonyesha simu, "nikaambiwa wewe."
Mjomba alisimama na bisibisi mkononi
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alipoondoka nikamwambia: chema chajiuza.
"Hakijiuzi," akasema. "Kimekaa tu, mlango wazi."
Akapuliza vumbi la uzi kwenye meno ya chuma.
"Sasa tuko wa ngapi?"
"Wa kwanza. Mstari wa pili."
"Na juu yetu?"
"Zigmas."
Akatia tone moja la mafuta, akasikiliza.
"Mwache," akasema.
"Alikuwa fundi mzuri."