Malimau ya Plastiki

Nyumba ya maonyesho ina malimau ya plastiki
kwenye bakuli, na vitabu vilivyogundishwa kurasa,
na harufu ya biskuti ambazo hakuna aliyezioka.
Novemba, Edmonton, ukingo wa kaskazini,
pale mitaa inapopewa majina ya ndege
waliofukuzwa ili mitaa ipite.
Tulivua viatu mlangoni. Soksi ya Zenko ina tundu.
Nilimwona Janelle akiliona.

"Bei haishuki," alisema, sauti imepakwa siagi.
"Tukiwashushia ninyi, aliyenunua Agosti
atakuja hapa na wakili.
Ila vipambo, vipambo tunaweza kuzungumza."
Akafungua daftari lake:
kaunta ya jiwe, elfu tisa;
bomba jeusi la jikoni, mia sita na hamsini;
taa tatu za kuning'inia, ambazo alizigusa
akaziacha zikibembea tukizitazama;
vigae vya bafuni, elfu saba na mia nne.

Hapo Zenko, aliyekuwa kimya tangu tuvuke reli,
akapiga goti, akapitisha kidole gumba juu ya kigae
kama daktari anayetafuta mshipa.
Miaka kumi na tisa anabandika vigae vya watu.
Magoti yake yanajua bei.
Anajua boksi linatoka ghala gani, kwa shilingi ngapi za huko,
na kwa unene wa ule mstari wa saruji
anamjua hata fundi aliyekibandika hiki.
Akainuka. Hakusema kitu.
Ukimya wake ukakaa kitako katikati ya sebule
kama mgeni asiyeelewa kwamba chai imekwisha.

(Mama yangu, Vegreville, alinunua ng'ombe hivyo hivyo:
alisimama mbele ya anayemtaka
akamsifu wa jirani.)

Janelle akakohoa. Vigae vikawa elfu sita.
Zenko akatazama theluji.
Mapazia yakawa bure.

Mimi nilikuwa na karatasi yangu,
niliyoiandika zamu ya usiku wodini
nyuma ya fomu ya dawa. Nikaisoma taratibu:
"Ondoa jiwe. Ondoa taa.
Vigae ondoa vyote, tuachieni sakafu tupu.
Tunataka mlango wa ubavuni, wenye ngazi ya kushuka chini.
Bomba la maji taka lizikwe kabla zege halijamwagwa.
Dirisha la chini liwe pana, mtu mzima apenye moto ukiwaka."
Kinachoonekana, muda utakinunua.
Kinachofukiwa huombwa leo.

"Mlango wa nani?"
"Wa mama. Hapendi kupita jikoni kwa mtu
kama anayeomba chumvi."

"Hivyo si vipambo. Hiyo ni ramani."
"Na leo ni tarehe ishirini na nane," nikamwambia,
"na nyumba nne za mtaa huu hazina pazia wala mtu,
na mwisho wa mwezi huja kwako
kama unavyokuja kwetu."

Akaenda kumpigia bosi simu katika chumba cha mtoto.
Tulimwona akizunguka kitanda kidogo
ambacho hakuna mtoto atakayekilowesha.
Zenko akachukua limau, akaligonga kwenye jiwe. Ko. Ko.
"Hata hili liko kwenye bei," akanong'ona,
na ndiyo maneno yake pekee siku ile,
nikacheka hadi nikajificha nyuma ya friji.

Alirudi na mlango. Alirudi na bomba.
Dirisha, tulipe nusu. Nikasema robo.
Akaandika theluthi, akanisukumia kalamu
kabla hesabu haijapoa.

Sasa ni Mei. Mama ana ufunguo wake,
anaingia na kutoka bila kumwaga mtu,
na dirishani mwake ameweka bizari kwenye makopo.
Huku juu, bafuni, tunakanyaga mbao mbichi kwa soksi.
Maboksi ya vigae yameegemea ukuta, ya bei ya fundi,
yana vumbi la miezi miwili.
"Jumamosi," anasema Zenko
akifunga kamba za viatu,
anakwenda kubandika vya wenzake.