Jeneza la Kuazima

Saa tisa alasiri. Ukungu umeingia ukumbini
kabla ya watazamaji, bila tiketi,
umekalia viti vya mbele.
Nahesabu: chemli moja, fimbo mbili, kibuyu,
barua ya tarafa (nimeiandika upya,
ile ya jana Gwakisa aliifungia chapati),
blanketi la mgonjwa. Kikohozi cha mgonjwa
hakihitaji mazoezi, Tukuyu imemsaidia.

Na jeneza.

Jeneza nililiazima kwa fundi Mwasumbi
kwa maneno matamu na debe la viazi.
Akasema, "Lirudi bila mkwaruzo. Hilo ni la mtu,
ila mwenyewe bado hajajijua."

Saa kumi na moja kaja na toroli,
kofia mkononi. Sikumwuliza.
"Mwenyewe amejijua," akasema.
Tukalitoa kwa mlango wa nyuma, yeye mbele, mimi nyuma,
nikafuta kwa kanga alama ya chaki
niliyoichora ubavuni lisije likakaa kombo.
Nikasema pole, bila kujua nampa nani.
Toroli ikalia mpaka barabarani.

Kazi hii nyumbani haina jina.
Mama humwambia jirani, "Tumpe anafungua pazia."
Ni kweli. Na pia namfunga zipu mtu anayetetemeka,
nakumbuka chai ya nani haina sukari,
na nani asipishane na nani kwenye ujia wa hatua tatu
tangu ule mkopo wa elfu ishirini.
Mwongozaji huota ndoto,
mimi huulizwa misumari iko wapi.
Watu wakipiga makofi
mikono yangu imeshika kamba.

Benchi mbili za kwaya. Mbao ya kupigia pasi.
Shuka jeupe la dada yangu Bupe, ambalo hajui kama limetoka.
Nikaegemeza, nikakunja, nikarudi hatua tano,
nikafumba jicho moja:
maiti.

Umeme ulikatika saa moja na dakika nne.
Jenereta ikakohoa, ikawaka, ikanukisha petroli
mpaka safu ya pili. Tukaanza.
Kisha mvua. Ya hapa hainyeshi, inahamia,
na vyombo vyake vyote, juu ya mabati.
Atupele alikuwa amepiga magoti penye shuka.
Maneno yake yalikuwa mawili tu, na ni ya kunong'ona.
Akanitazama pembeni, kwa nyeupe ya jicho.

Tuna lugha yetu ya tochi. Mara moja: subiri.
Mara mbili: sema.
Nikawasha mara moja.

Akasubiri. Kiganja chake kikaanza kulipapasa shuka,
polepole, kama anayetafuta sindano iliyoanguka,
na ukumbi mzima ukamtazama mwanamke
anayebembeleza mbao ya pasi.
Dakika moja. Mbili. Kidole changu kwenye swichi
kilikuwa kimekufa ganzi.
Safu ya nne mtu akaangua kilio
ambacho hakimo kwenye daftari langu.

Mvua ikapumua. Nikawasha mara mbili.
"Umeniachia nani?"

Baada ya onyesho mwongozaji alisifiwa kwa ule ukimya.
Akaupokea kwa mikono miwili.
Mimi nilikuwa chini ya ngazi, natafuta kibuyu.

Saa nne usiku nikapita kwa fundi.
Taa inawaka, anapiga randa ubao mwingine,
maranda yamemfika vifundoni.
"Lilimtosha?"
Hakuinua kichwa.
"Fupi kidogo. Tukamkunja miguu."

Nikasimama pale, shuka la Bupe kwapani, limelowa.
Kisha nikatoa daftari, nikalisogeza kwenye taa yake,
nikaandika:
Kesho. Benchi tatu, si mbili.
Chaki. Betri za tochi.
Atupele apewe maji ya moto.