Kipande cha Kumi na Saba

Kimekuja ndani ya pamba, katika kijikopo cha plastiki,
na barua ya forodha yenye mihuri mitatu:
kipande cha bangili, kimekatwa kwa patasi,
gramu nne na ushei, tano hakifiki.
Walikifukua ng'ambo, mashariki ya bahari yetu,
ndani ya mtungi uliozikwa chini ya sakafu ya jiko
na mtu aliyedhani atarudi.

Mimi ni Bonaria, binti Antioco wa Iglesias.
Kazi yangu hapa Cagliari ni kuuliza metali kwao wapi.
Siiulizi fedha yenyewe.
Fedha, ukiisugua, hukuonyesha uso wako tu.
Naiuliza risasi iliyojificha ndani yake,
uchafu ambao mfuaji alishindwa kuuchoma.
Risasi isiyoingia bunduki,
ingawa vumbi la mwamba wake lilimmaliza baba
bila mlio.

Nakwangua chembe ndogo kuliko ulezi.
Tindikali inaimeza.
Usiku kucha mashine inahema ukutani,
ikizipanga atomu kwa uzito
kama karani wa ghala asiyepokea hongo.

Risasi ina ndugu wanne.
Mmoja, mia mbili na nne, ni yule yule
tangu dunia haijapewa jina: haongezeki, hapungui.
Watatu wengine wanazidi kuzaliwa,
urani ikifa inawaacha wawili, thori ikifa inamwacha mmoja,
taratibu, kwa miaka ambayo vidole vya ukoo mzima
haviwezi kuihesabu.
Siku mwamba ulipowatenga na wazazi wao
hesabu ilikoma,
na kila mlima ukabaki na hesabu yake.
Moto hauigusi. Nyundo haiigusi.
Hata wizi.

Mkataa kwao mtumwa, husemwa.
Lakini wewe hukukataa kwenu, ulitolewa;
na mtumwa alikuwa yule aliyetambaa gizani
na taa ya mafuta mdomoni, akikufuata,
naye kwao hakuna mashine inayoweza kuniambia.

Nikiri: nilitaka uwe wetu.
Baba alikuwa akirudi na jiwe ndani ya kopo la chakula,
galena, vipembe vyeusi vinavyong'aa kama jicho la paka,
akaliweka dirishani, akasema,
"Ndugu za hili wamevuka bahari. Mimi hata Napoli sijafika."
Tukacheka. Alikuwa bado na pumzi ya kucheka.

Alfajiri nukta ikatua kwenye grafu.
Upande mmoja, vilima vyetu.
Upande wa pili, milima ya Taurus, kwa Waturuki wa leo.
Na wewe katikati, peupe,
mahali pasipo na mgodi wala mlima.
Nikarudia. Nikaosha vyombo, nikarudia tena.
Pale pale.

Basi nikaelewa, na kahawa ikapoa mkononi.
Palikuwa na chungu kimoja juu ya makaa,
na mtu akatia humo fedha mbili:
hereni ya huku, labda, na deni la kule.
Au mahari. Au pete iliyovuliwa kidole cha maiti.
Zikayeyuka, zikakumbatiana, zikawa bangili,
na bangili ikakatwa tena kununua ngano.
Namba zinaniambia walikutana.
Haziniambii kama walipendana.

Fomu ya maabara ina kisanduku kimoja tu cha asili,
kifupi, cha neno moja.
Nimeandika mawili, kwa herufi ndogo, zimebanana
kama wachimbaji kwenye lifti ya kushukia.
Saa tatu Daktari Puxeddu atakuja na miwani yake
aniulize lipi lifutwe.
Nimeficha kalamu nyekundu.